Uchaguzi wa Kufumba Macho

Nchi yenyewe inaitwa Tulizana. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na ukiiona mahali, nyamaza, maana wenyewe hawapendi kuonwa.

Watu wa Tulizana walikuwa wakipiga kura kwa karatasi kama watu wengine. Ila masanduku yao yalikuwa na tabia. Yalitoka kituoni mepesi, yakachoka njiani, yakapumzishwa nyumbani kwa mkubwa fulani, na kwa sababu ya mapumziko mema yakanenepa. Watu wakalalamika, wengine wakarusha mawe. Serikali, ambayo ni sikivu, ikaunda kamati ya kutafuta mahali ambapo watu hawarushi mawe, mahali ambapo mtu akiambiwa simama anasimama na akiambiwa kaa anakaa. Kamati ikazunguka nchi nzima miaka miwili, ikala, ikanywa, ikarudi na jibu. Mahali penyewe ni kanisani.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Amina.

Sheria ni fupi, hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Siku ya uchaguzi ni Jumapili. Kila raia anakwenda kanisa lililo karibu naye. (Wasio Wakristo waliambiwa utaratibu wao uko njiani, wavute subira, na mpaka leo wanaivuta.) Mchungaji ndiye msimamizi wa kituo. Anawaambia watu wainamishe vichwa na kufumba macho, kisha anamtaja mgombea katika sala, na anayemkubali anajibu Amina. Juu ya mimbari kunawekwa kifaa kinachoitwa Kipima-Amina, chenye mshale kama wa mizani ya muuza nyama, nacho kinapima ukubwa wa sauti. Hakuna karatasi, hakuna wino kidoleni, hakuna sanduku la kunenepa. Kufumbua macho wakati wa sala ni kosa, kwa kuwa ni kuingilia siri ya kura ya jirani.

Wakristo wa Tulizana walifurahi. Miaka yote walikuwa wakiambiwa siasa ni uchafu wa dunia, mtu wa Mungu apige kura yake haraka arudi nyumbani kunawa. Leo siasa imekuja yenyewe kanisani, imefuta miguu mlangoni, imekaa benchi la mbele. Nani asingefurahi?

Mama Nakunda alifurahi kuliko wote. Yeye na kina mama wenzake wa usharika wa Kilimani walikuwa wamefunga siku tatu bila kula wakiomba jambo hilohilo, watu wa Mungu nao wasikike. Na alikuwa na sababu yake. Zahanati ya Kilimani haikuwahi kuwa na mkunga. Yeye mwenyewe alimzaa binti yake Nakunda kwenye benchi la nje, pale wagonjwa wanaposubiri dawa za malaria, huku mzee mmoja akimpisha nafasi na kumpa pole. Alisema moyoni, Wakristo wakiingia kwenye siasa atachaguliwa mtu mwenye hofu ya Mungu, na mwenye hofu ya Mungu hawezi kulala usingizi wanawake wakijifungulia kwenye mabenchi.

Mtu huyo alikuwepo. Mwalimu Ndeshi, mstaafu, aliyefundisha nusu ya usharika Shule ya Jumapili, aliomba kugombea na akakubaliwa. Mwenzake alikuwa Mheshimiwa Obadia Kishindo, aliyekalia kiti cha jimbo hilo miaka ishirini na ambaye mwezi uleule, kwa upendo tu, alilipatia kanisa spika sita nyeusi, kila moja ndefu kama kabati la nguo.

*

Kabla ya uchaguzi kukawa tena na Jumapili ya Mazoezi, kama mwaka uliotangulia, ili watu wazoee kuchagua bila kuona.

Mchungaji Eliakimu akasoma maelekezo ya Tume ya Uchaguzi kwa sauti aliyozoea kusomea Injili. Mheshimiwa Kishindo ataombewa kwa sala ya sauti. Mwalimu Ndeshi ataombewa kwa sala ya kimya, na wanaomkubali watajibu Amina ya moyoni. Mzee mmoja nyuma akauliza kama Kipima-Amina kinafika moyoni. Mchungaji akasema swali ni zuri, amelipokea, na akaendelea.

Siku hiyo jioni Mama Nakunda alikuwa jikoni anakata mboga. Nakunda, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, sauti ya kwanza kwaya kuu, alikuwa anakuna nazi. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, ile Amina ya Mheshimiwa haikusemwa na watu."

"Ilisemwa na nani, malaika?"

"Spika. Watu walikuwa wamefunga midomo kabisa. Tena ilianza kabla Mchungaji hajafika mwisho, ikabidi akimbize sala aifuate."

Kisu kikasimama. "Umejuaje kama watu walifunga midomo?"

"Si nilifumbua."

Mama Nakunda aliinuka akafunga mlango wa jikoni. Akakumbuka dirisha, akalifunga. Akakaa. Akainuka tena akachungulia uvunguni mwa meza, ingawa ile meza hata kuku hapiti chini yake.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Na nani?"

"Wewe tu, Mama. Jamani, kuona nako ni dhambi?"

"Si dhambi, ni kosa. Dhambi ingekuwa rahisi."

Maana Mama Nakunda alikuwa anamfikiria Shose, mtoto wa jirani ukuta kwa ukuta. Shose alifumbua macho kwenye mazoezi ya mwaka uliotangulia. Hakupigwa, Tulizana haipigi mtu. Alipelekwa tu Chuo cha Kufumba, miezi mitatu, chakula na malazi juu ya Serikali, akarudi na cheti. Sasa Shose ni msichana mtulivu sana. Anakoroga uji amefumba. Anamimina chai pembeni mwa kikombe, kwenye meza, pole pole, mpaka birika linaisha. Ukimwambia, "Shose, angalia," anatabasamu na kusema, "Nimeshaangalia."

*

Siku ya tatu habari ikafika kwamba jina la Nakunda limeandikwa.

Mama Nakunda akavaa gauni la Jumapili siku ya Jumatano, akaenda kwa Mchungaji. Njiani alirudi mara mbili, mara ya kwanza kuhakikisha jiko limezimwa, mara ya pili kuhakikisha kwamba mara ya kwanza alihakikisha.

Mchungaji Eliakimu ni mtu mwema, hilo nalisema wazi. Ndiye aliyembatiza Nakunda, akamshika mikononi akasema mtoto huyu macho yake makubwa, ataona mengi. Siku hizi alikuwa na beji ya Tume kwenye joho, upande wa moyo, na kwenye meza yake Biblia ilikuwa imelala juu ya mafaili ili feni isiyapeperushe.

"Bwana Yesu asifiwe, Mama Nakunda."

Mama Nakunda akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akakiangalia Kipima-Amina kilichokuwa juu ya kabati.

"Jibu tu, mama," Mchungaji akasema. "Kimezimwa."

"Amina, basi. Baba Mchungaji, nimesikia mwanangu ameandikwa."

"Ameandikwa. Fomu ya Macho namba saba." Akaitoa. "Inasema alifumbua macho yote mawili, kwa muda wa sala nzima, akageuza shingo kushoto na kulia. Kushoto na kulia, mama. Angetazama mbele tu tungesema ni usingizi."

"Nani alimwona?"

"Mzee Kundaeli, mwangalizi wetu wa macho."

"Sasa Mzee Kundaeli alimwonaje na yeye amefumba?"

Mchungaji akamtazama kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto wa kipaimara. "Mzee Kundaeli ana macho ya kikazi. Macho ya kikazi hayahesabiwi kuwa yamefumbuliwa. Yako wazi tu."

"Baba Mchungaji, wewe ulitufundisha tujitokeze. Ulisema Mkristo asikae pembeni. Tukafunga siku tatu, mimi nikaanguka kwa njaa pale kwenye ngazi, ukaninyanyua wewe. Tulikuwa tunaomba hiki?"

Mchungaji akapanga upya mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. "Tuliomba tusikike. Tunasikika mpaka ng'ambo ya mto, spika zile zina nguvu." Kisha akashusha sauti, na kwa dakika moja akawa yule wa zamani. "Mama Nakunda, mimi mwenyewe nikiomba nafumba kwa dhati. Sitaki kuona. Nikiona nitashindwa kumaliza."

"Mwanangu asiende chuo," Mama Nakunda akasema. "Nipe njia. Niambie hata nipande mlima kwa magoti."

"Njia ipo, mlima hauna haja. Fomu namba saba inafutwa kwa ushuhuda wa mzazi. Jumapili, kabla ya kura, unasimama mbele unashuhudia kwamba mtoto hakuona kitu. Kisha kwenye kura yenyewe yeye anafumba, vizuri, bila kutikisika. Basi. Fomu tunaichana mbele yako."

"Niseme uongo madhabahuni?"

"Ushuhuda," Mchungaji akasema.

*

Siku nne zilizobaki hakulala wala hakukaa. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Alimfundisha Nakunda kufumba.

"Usikaze hivyo, unaonekana kama umeng'atwa na siafu. Legeza. Hapo. Sasa usicheze kope."

"Mama, zinacheza zenyewe."

"Ziambie."

"Wewe unataka niseme sikuona?"

"Mimi nataka ulale humu ndani. Kusema nitasema mimi. Wewe fumba tu, halafu usifumbue mpaka nikuambie, umesikia? Hata ukisikia Amina, hata ukisikia watu wanainuka. Mpaka usikie sauti yangu."

"Na Mwalimu Ndeshi?"

Mama Nakunda akachukua sufuria safi akaanza kuliosha.

"Na mkunga, Mama? Si wewe ulikuwa unasema kila siku?"

"Nakunda, nina mtoto mmoja."

Nakunda alimtazama mama yake kwa yale macho makubwa, kwa muda mrefu, kisha akayafumba. Vizuri sana. Kope hazikucheza hata kidogo.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka dirishani. Mheshimiwa Kishindo alikuja na msafara, akapewa nafasi ya kuwasalimu waumini, akawasalimu kwa muda wa saa moja na robo.

"Wapendwa," alisema, "mimi sikuja hapa kama mwanasiasa. Mwanasiasa nimemwacha kwenye gari. Hapa amesimama mwenye dhambi mwenzenu, tena pengine kuwashinda. Watu wananiuliza, Mheshimiwa, miaka ishirini hujachoka? Nawajibu, je, Nuhu alichoka? Nuhu aliulizwa na wanyama kuhusu barabara? Aliulizwa kuhusu mkunga? Wanyama waliingia wawili wawili, wakakaa kimya, wakafika salama. Na mimi naona mbele yangu wanyama wema." Hapo akatoa leso akajifuta machozi. Watu wakapiga makofi, wengine walianza kupiga tangu kwenye Nuhu kwa kudhani ndiyo mwisho.

Kisha likaitwa jina la Mama Nakunda.

Alitembea kwenda mbele akiona miguu yake kama ya kuazima. Mwalimu Ndeshi alikuwa amekaa benchi la kwanza, pembeni, na mkoba wake magotini. Ndiye aliyemfundisha Mama Nakunda kusoma, kwa kijiti, kwenye vumbi la nyuma ya kanisa hilihili. Mwalimu hakumtazama kwa hasira. Alitazama mikono yake mwenyewe.

"Bwana asifiwe," Mama Nakunda akasema. "Mimi ni mama yake Nakunda. Imeandikwa kwamba mwanangu aliona. Hakuona. Tangu mdogo ana kope nyepesi, upepo ukipita zinafunguka zenyewe, kama pazia. Anakuwa ametazama lakini haoni. Ninyi mnanijua, mimi siwezi kuwadanganya. Hakuna kitu cha kuona. Naomba mumwombee."

Fomu namba saba ikachanwa vipande vinne. Kanisa likashangilia kwa wimbo, pambio lile la kushukuru, na Nakunda, aliyeondolewa kwaya akaketi benchi moja na mama yake, aliimba na wenzake bila kukosea neno.

*

"Tuinamishe vichwa, tufumbe macho," akasema Mchungaji Eliakimu.

Kanisa likatulia. Kipima-Amina kilikuwa kinaguna kama jokofu. Mchungaji akaanza, "Ee Baba, tunamleta kwako mtumishi wako Obadia," na akayafumba macho yake kwa dhati, kama alivyosema.

Mama Nakunda naye akafumba. Akafumba na kuanza kuwaza. Je, amelegeza kope kama nilivyomwonyesha? Je, amekaza? Siku ya mazoezi aligeuza shingo, na leo je? Mzee Kundaeli yuko wapi? Alisikia hatua, akajua ni za Mzee Kundaeli, zinapita katikati ya mabenchi, zinasimama, zinapita. Zikasimama karibu. Nyie mlio na watoto mnajua. Akasema moyoni, nitachungulia kidogo, jicho moja tu, la upande wake.

Akachungulia.

Nakunda alikuwa amefumba. Uso mtulivu kama maji ya ndoo. Mama Nakunda akashusha pumzi, akataka kurudisha lile jicho mahali pake, na hapo likakutana na jicho lingine.

Lilikuwa la Mama Shose. Alikuwa amechungulia kumwangalia Shose.

Nyuma ya Mama Shose, Baba Elinami alikuwa amempa mwanawe kiganja kichwani, na macho yake ameyatoa kama taa za gari. Pembeni yake bibi mmoja anawakagua wajukuu watatu, mmoja mmoja. Mama Nakunda akafungua na jicho la pili. Benchi baada ya benchi, mpaka mlangoni, mpaka dirishani, kila mzazi alikuwa amefumbua ili ahakikishe mtoto wake amefumba. Watu mia tatu. Na baada ya kuwakagua watoto, wakainua nyuso wakaonana.

Mzee Kundaeli alikuwa amesimama katikati na kitabu cha fomu, kalamu iko juu. Macho yake ya kikazi hayakuwa kazini. Yalikuwa kwenye benchi la tatu, kwa mjukuu wake.

Ndipo spika sita zikasema Amina. Zikasema kwa sauti ya watu elfu wasiojulikana, vumbi likadondoka kwenye boriti, mshale ukaruka mpaka mwisho ukabaki unatetemeka. Na watu mia tatu wakatazamana wakiwa wamefunga midomo, wakahakikisha kila mmoja kwa macho yake kwamba hakuna hata mmoja aliyeisema.

Walikuwa kama watu waliokutana uchi mtoni. Kila mtu alijua. Kila mtu alijua kwamba mwenzake anajua. Mama Nakunda alisikia neno linapanda kooni, neno fupi tu, la mtu yeyote, na aliona kwa jinsi shingo ya Mama Shose ilivyocheza kwamba na yeye linampanda. Kama mmoja angelisema, Mzee Kundaeli angehitaji vitabu vya fomu gunia zima, na chuo kingehitaji wilaya nzima.

Mama Nakunda akamwangalia Nakunda. Mama Shose akamwangalia Shose. Bibi akawaangalia wajukuu wake watatu.

Wakafumba. Hakuna aliyewaamuru. Walianza wa mbele, wakafuata wa kati, wakamalizia wa dirishani, taratibu, kwa heshima zote.

"Na sasa," akasema Mchungaji, ambaye hakuwa ameona kitu, "tumwombee Mwalimu Ndeshi kwa kimya."

Kikawa kimya. Mama Nakunda akasema Amina moyoni kwa nguvu zake zote, mpaka masikio yakamziba. Mshale ulilala. Alijua wote wanaisema humo ndani, alijua kama anavyojua jina lake, na akaendelea kuisema humo humo.

*

Redio ilitangaza uchaguzi umekwisha kabla watu hawajatoka mlangoni. Watazamaji kutoka nchi za nje waliusifu sana, wakasema hawajawahi kuona, na hiyo ni kweli, kwa sababu wao pia walifumba.

"Mama," Nakunda akasema, akiwa bado ameketi, uso ameuinua. "Nifumbue?"

Mzee Kundaeli alikuwa anakusanya karatasi zake hatua tatu kutoka pale. Mama Nakunda akamshika mwanawe mkono. "Bado. Twende."

Wakatoka. Mlangoni walinzi wa Mheshimiwa walikuwa wanagawa vitambaa. Bado. Barabarani msafara ulikuwa unapita, vijana wamekaa juu ya magari wakitazama nyuso za watu. Bado kidogo, mwanangu, inua mguu, kuna mfereji. Walipofika zahanati wanawake wawili walikuwa kwenye benchi la nje, mmoja ameshika kiuno anapumua kwa shida, mwenzake anampepea kwa kanga.

"Nani huyo analia?" Nakunda akauliza.

"Hakuna mtu. Tembea."

Nyumbani Mama Nakunda akafunga mlango wa mbele, akafunga wa jikoni, akavuta pazia. Alimkalisha Nakunda kwenye kigoda. Alisikiliza. Kwa jirani chai ilikuwa inamiminika mezani, na Mama Shose hakuwa anasema kitu.

"Mama, sasa?"

Msichana alikuwa ametulia. Hakuonekana kuteseka hata kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha mama yake. Mama Nakunda akasogea karibu, akainua vidole mpaka karibu na zile kope, akavishusha. Akaenda dirishani akasogeza pazia upana wa kidole. Nje hapakuwa na mtu. Akatazama tena kama kweli hapana mtu. Akarudi.

"Bado," akasema.